Mkutano wa Bure Una Nauli: Mafunzo ya Mwandishi wa Programu wa Eastlands

Nairobi ina mikutano mingi ya waandishi wa programu isiyo na kiingilio. Unakuja na laptopu yako, mmoja anasimama mbele kueleza alichounda, wengine wanauliza, halafu chai. Mimi ni mkazi wa Umoja, Eastlands, naandika programu za malipo, na mikutano hii nimeihudhuria kama msikilizaji na kama msemaji. Haya ndiyo iliyonifunza.

1. Mkutano wa bure una nauli

iHub ilipofunguliwa Machi 2010, katika ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua kwenye Ngong Road, watu wa teknolojia walipata baraza. Mwanzilishi wake, Erik Hersman, alikuwa miongoni mwa waliounda Ushahidi, mfumo uliozaliwa Januari 2008 kuweka kwenye ramani taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya. Mambo makubwa yalizungumzwa pale. Lakini Ngong Road iko upande wa pili wa jiji. Mtu wa Kayole, Dandora au Umoja hupanda gari hadi mjini, akate katikati ya jiji kwa miguu, kisha apande gari jingine.

Hesabu nyingine ni ya saa. Nairobi jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Mkutano unaoanza saa kumi na mbili jioni utakuwa bado kwenye maswali saa mbili usiku, na mvua ikinyesha makanga wa Jogoo Road hupandisha nauli bila kuomba radhi. Kwa hiyo watu wa Eastlands ndio wa kwanza kuinua mabegi. Hapo ndipo tunapokosa, kwa sababu kazi hugawanywa baada ya mkutano kufungwa, viti vikipangwa ukutani, mtu anapomgeukia mwenzake na kusema anatafuta wa kumsaidia kwenye mradi fulani. Mradi wangu wa kwanza wa maana niliupata usiku ambao jirani wa Donholm alikuwa na gari na hakuwa na haraka.

Kama huna jirani wa namna hiyo, wahi. Anayefika nusu saa kabla ya watu kujaa husaidia kufunga projekta, na huongea na mwenye mkutano akiwa bado hana wa kumzonga. Nusu saa hiyo inafidia sehemu kubwa ya ile utakayoikosa usiku.

2. Usiende kutazama

Mikutano ya mtindo wa BarCamp, ulioanzia Palo Alto, Marekani, mwaka 2005, ina kanuni kwamba hakuna watazamaji: ratiba huandikwa ukutani asubuhi hiyo hiyo na waliohudhuria wenyewe. Hata palipo na ratiba iliyochapishwa, ishi hivyo. Uliza swali moja la kweli. Kaa karibu na aliyefungua laptopu yenye kitu kisichofanya kazi.

3. Onyesha kwa simu ya aliyekaa nyuma

Nilipoanza kusimama mbele, nilizungumza kuhusu programu ya vyama vya kuweka na kukopa: michango, mikopo, faini za wachelewaji. Ngong Road walitaka kujua nimetumia lugha gani ya programu na hifadhidata gani. Ni maswali halali. Nilipoipeleka kwenye ukumbi wa kanisa kule Kayole, mtu wa safu ya nyuma aliinua kabambe yake, simu ya vitufe isiyo na intaneti, na kuuliza, "Na hii?"

Hivyo kitovu cha mada kikawa USSD, zile menyu za kubonyeza namba zinazofunguka hata kwenye kabambe. Ukurasa mmoja wa USSD haubebi zaidi ya herufi 182, na mawasiliano ni ya papo kwa papo: ukichelewa kujibu, mtandao unakata, nawe unaanza upya. Hapo hakuna nafasi ya kumsalimu mtumiaji kwa aya nzima. Kila neno linalipiwa kwa subira ya mtu aliyesimama steji. Africa's Talking, kampuni ya hapa hapa Kenya, ina simu ya kuigiza kwenye tovuti yake ambayo unaweza kujaribia menyu kabla ya kuingia ukumbini. Mimi napenda kuwapa watu namba wabonyeze wenyewe. Ukumbi wenye simu mkononi hausinzii.

4. Usiamini stima wala intaneti

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mlango wa kuunganisha programu za watu wengine na M-Pesa. Ni kitu kizuri kuonyesha mbele ya watu, na ni kigumu pia. Mteja akishaweka PIN, jibu la malipo hutumwa kwenye anwani ya seva iliyo wazi kwenye intaneti, na laptopu iliyoshikilia bando la simu haina anwani hiyo. Andaa seva mapema, rekodi video ya malipo yakipita, uiweke kwenye flashi. Chaji betri ijae. Beba waya yako ya projekta. Basi.

5. Swali la mweka hazina lina uzito kuliko la mhandisi

Katika ukumbi ule ule wa Kayole alikuwapo mama mmoja, mweka hazina wa chama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kijana wangu, sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hiyo yako ina ngapi?"

Ilikuwa na moja: PIN ya mweka hazina.

Anayejua vikundi vya kuweka na kukopa anajua sanduku hilo la chuma. Halifunguki mpaka wenye funguo wote watatu wawe wamekaa pamoja, mbele ya wanachama. Huo ni ulinzi uliobuniwa na kujaribiwa bila mhandisi yeyote. Nikamjibu, "Mama, nitarudi nazo tatu," na toleo lililofuata halikutoa shilingi mpaka simu tatu tofauti zikubali. Yeye akaongeza sharti: mmoja akifariki au akihama mtaa, wanachama wamchague mwingine mkutanoni, si kwa kumpigia mwandishi wa programu. Sharti hilo ndilo lililonitoa jasho, kwa kuwa sikuwa na pa kuiga: mabenki nayo yana watia saini wawili au watatu, lakini kuwabadilisha humrudisha mtu kwenye foleni ya tawi.

Sikuwahi kuulizwa hivyo Ngong Road. Wale si wajinga, ila si wao wanaoshika funguo.

6. Saa ya mkutano ndiyo mlango wake

AkiraChix, iliyoanzishwa mwaka 2010 na wanawake wa teknolojia hapa Nairobi, imefundisha wasichana wengi kuandika programu. Ukiwaita saa moja usiku, utapata wachache, kisha utalalamika kwamba hawapendi mambo haya. Ita Jumamosi saa nne asubuhi uone. Mimi nimeona.

7. Kumbi tunazo

Kaloleni na Makadara kuna maktaba, matawi ya Maktaba ya McMillan, zilizokarabatiwa kwa juhudi za shirika la Book Bunk. Buruburu kuna tawi la maktaba ya taifa. Karibu kila mtaa una ukumbi wa kijamii au wa kanisa unaokaa mtupu Jumamosi asubuhi. Kinachopungua ni projekta na mtu wa kwenda kuomba ufunguo. Wewe unayeandaa mikutano Kilimani na Westlands, chukua mmoja kati ya kila minne uulete huku, mchana, na ualike vyama vije na maswali yao. Chai tutaandaa sisi.