Mezani na Wazazi: Leo Mboga ni Maharage

Kijitabu cha elimu kwa familia za Mbeya na Iringa

Kijana anashuka stendi ya Iringa jioni, baridi imeshaanza kuuma. Nyumbani jogoo amekamatwa tangu saa tisa, maji ya kumnyonyolea yako jikoni, na baba amepiga simu mara mbili kuuliza basi limefika wapi. Kijana anaingia, anatoa shikamoo, anaketi, kisha anasema, "Mama, mimi siku hizi sili nyama." Kimya kinachofuata hapo ndicho kilichotufanya tuandike kijitabu hiki.

Nyama katika mikoa yetu ina kazi kubwa kuliko kushibisha. Kwa Wanyakyusa ng'ombe hutolewa mahari, na ng'ombe huchinjwa msibani. Kuku huchinjwa kwa ajili ya mgeni, na katika nyumba nyingi firigisi hupakuliwa kwenye sahani ya baba. Mzazi anayekuchinjia amekwambia kwamba anakupenda na kwamba hajafilisika. Ukikataa bila maandalizi, anasikia kwamba mapenzi yake yamerudishwa.

Kuna jambo jingine, na hili tunaomba vijana walifikirie sana. Wazee wengi walikulia kwenye ugali na maharage, majani ya maboga, na uyoga mvua zikinyesha. Nyama ilikuwa ya sikukuu na harusi. Leo wakiipata kila wiki, ni ushahidi kwamba jasho lao limezaa na watoto wamefika mahali. Sahani isiyo na nyama inaweza kuwakumbusha miaka ambayo hawakuwa na uchaguzi. Kwa hiyo ukimpikia baba maharage, yapike kama ya mgeni.

Kabla ya kupika

Piga simu siku kadhaa kabla ya safari. Sema, "Mama, nakuja Ijumaa. Naomba kuku abaki bandani, nina hamu na makande yako." Hapo umemwomba kitu anachokiweza kuliko mtu mwingine yeyote, na bado anabaki kuwa mwenye kukupokea. Ukifika, usimnyang'anye mwiko. Kaa naye, chambua maharage, muulize bibi alikuwa anayaungaje.

Lugha yenyewe inatusaidia. Mtu akiuliza "Leo mboga gani?" jibu linaweza kuwa nyama, dagaa, maharage au figiri, na vyote ni mboga. Desturi za ibada nazo zinasaidia. Familia za Kikatoliki hazili nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima, na wapo Wasabato wasiokula nyama kabisa. Katika nyumba kama hizo mlo wa namna hii una heshima tayari. Anzia hapo.

Sufuria yenyewe

Hatuna haja ya kuagiza chakula cha mbali. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, karibu na Mbeya mjini, kimetoa aina nyingi za maharage, na kadhaa zinabeba jina la Uyole. Rungwe ina ndizi na maparachichi, Kyela ina mchele unaonukia, na viazi mviringo vya Uporoto vinajulikana hadi Dar es Salaam. Mvua zikikolea, uyoga huuzwa kando ya barabara kuu mkoani Iringa. Ila uyoga wa porini nunua kwa mtu anayeujua na mnayemfahamu. Upo unaoua, na kuupika hakuondoi sumu.

Maharage yanataka subira zaidi kwetu kuliko pwani. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu sufuria inakula mkaa mwingi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, kisha yachemshe kwa nguvu dakika kumi za mwanzo kabla ya kupunguza moto. Kuloweka kunaokoa mkaa na kunapunguza gesi tumboni, na gesi ndiyo lawama ya kwanza ya wazee dhidi ya maharage. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, ambayo mwenye presha hapaswi kuongezewa. Tunashauri yaachwe.

Kwa makande, tumia mahindi yaliyokobolewa. Mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya viini vinavyojenga protini, na maharage yanayo ya kutosha. Ndiyo maana bibi zetu walipochanganya viwili hivi walipatia. Yakiiva, kaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia, weka nyanya, karoti na hoho, kisha karanga zilizosagwa. Ule uzito wa karanga ndio unaomfanya mpenda nyama asahau kuuliza. Pembeni weka majani ya maboga na vipande vya parachichi lenye chumvi kidogo na ndimu. Ndimu ina kazi: vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani.

Mnawishe baba mikono kwanza. Toa hotpoti na sahani zile zinazokaa kabatini zikisubiri wageni. Na kama baba anataka kipande chake cha nyama pembeni, apewe.

Mezani si mahali pa kuhubiri

Ni kweli kwamba mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Ni kweli pia kwamba nyama nyingi, maini na pombe humchokoza mwenye jongo. Lakini mzee aliyeshika tonge hataki kusikia habari za saratani. Mazungumzo hayo yangojee siku ya kumsindikiza kliniki, na yafanywe na mhudumu wa afya.

Yasiyopaswa kuguswa

Usipeleke mlo huu kwa watoto wadogo bila kufikiri. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Inauma kuandika hivyo kuhusu mkoa unaovuna chakula kingi. Mtoto, na mama mjamzito au anayenyonyesha, wasinyimwe yai, maziwa, dagaa wala nyama kwa sababu kaka yao ameamua kuacha. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Aliyeacha kabisa vyakula vya wanyama, hata mayai na maziwa, aulize zahanati kuhusu vidonge. Mzazi mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza maharage, na mwenye kutumia dawa za kisukari au presha asiziache kwa sababu amebadili mboga.

Limebaki suala la chai, maana huku Mufindi na Rungwe ndiko inakolimwa na birika huletwa hata sahani hazijaondolewa. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Mwambie mama aiache jikoni saa moja hivi. Wakati huo baba anaweza kumenyewa chungwa.