Somo la Tisa: Vifaa vya Kompyuta Lazima Vipatane



Katika somo lililopita ulijifunza kuandika daftari la mapato na matumizi ya kikundi. Leo tutasoma habari za kompyuta. Usiogope. Mtu aliyekwisha jifunza herufi na tarakimu anaweza kuyafuata mambo haya yote.

Kikundi kimoja cha kina mama wauza dagaa katika mwalo wa Kibirizi kilitaka kompyuta. Walitaka kuandika barua, kuweka hesabu za wanachama, na kutengeneza lebo za mifuko ya dagaa. Waliweka akiba kidogo kidogo kwa msimu mzima. Kisha wakaamua kununua vifaa kimoja kimoja na kumpa fundi aviunge, maana waliambiwa ni nafuu.

Vifaa vilitoka Dar es Salaam kwa basi. Fundi akaviunga. Feni ikazunguka, taa ndogo ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi.

"Mama zangu," fundi akasema, "kosa ni herufi moja."

Herufi yenyewe ilikuwa F. Walihitaji prosesa iliyoandikwa i3-10100. Waliletewa i3-10100F. Herufi F maana yake ni kwamba prosesa hiyo haina sehemu ya kupeleka picha kwenye kioo. Anayeitumia lazima anunue kadi ya picha, nayo ni fedha nyingine.

Mama mmoja, mwanafunzi wa darasa letu, akasema kwa uchungu, "F naijua! Ningeonyeshwa, ningeiona." Lakini hakuonyeshwa. Kijana aliyetumwa kununua hakupewa orodha iliyoandikwa.

Basi somo letu ni hili: vifaa vya kompyuta lazima vipatane. Anayejua kusoma anaweza kuhakikisha jambo hilo kabla fedha hazijatoka mfukoni.

1. Anza na kazi

Kabla ya kuuliza bei, andikeni kazi mnayotaka kompyuta ifanye. Kuandika barua na kuweka hesabu ni kazi nyepesi. Kutengeneza filamu ni kazi nzito, nayo hutaka vifaa vya bei kubwa.

Nchi yetu iliwahi kujifunza jambo hili kwa gharama. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliweka kompyuta katika Wizara ya Fedha. Kazi ya hesabu haikwenda kama ilivyotazamiwa, ikaleta hasara. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka ya baadaye marufuku hiyo iliondolewa. Mashine isiyolingana na kazi na watu wake ni mzigo, hata ikiwa ni mpya.

2. Vijue vifaa

Kompyuta ya mezani ina vifaa hivi:

Prosesa. Hiki ndicho kifaa kinachofanya hesabu na kutoa amri.

Bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi. Vifaa vingine vyote huchomekwa hapa.

RAM. Hii ni kumbukumbu ya kazi ya sasa. Ni kama chanja ya kuanikia dagaa. Chanja ikiwa pana, unaanika vingi kwa mara moja. Lakini umeme ukizimwa, vyote vilivyomo katika RAM hufutika.

Diski. Hii ni ghala. Kilichohifadhiwa hapa hubaki hata umeme ukizimwa. Diski ya aina ya SSD haina sahani inayozunguka. Ina kasi kuliko diski ya zamani.

Pawa saplai. Hupokea umeme wa ukutani na kuupunguza ili vifaa vingine visiungue.

Kasha. Ni nyumba ya vifaa hivyo vyote.

Nje ya kasha kuna kioo, kibodi na kipanya.

Kwa barua na hesabu, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 240 zinatosha. GB ni kipimo cha ukubwa wa kumbukumbu, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito. Pawa saplai nzuri ya wati 400 inatosha pia.

3. Soma maandishi, linganisha

Mvuvi hafungi injini ya nguvu za farasi 40 kwenye mtumbwi mdogo. Injini ni nzuri, mtumbwi ni mzuri, lakini havipatani. Vifaa vya kompyuta ni hivyo hivyo.

Tazama mfano huu. Prosesa i3-10100 hukaa kwenye tundu linaloitwa LGA1200. Kwa hiyo bodi kuu nayo lazima iwe na maandishi LGA1200. Bodi yenye LGA1151 haifai, ingawa kwa macho matundu hayo hufanana sana.

Sasa tazama RAM. Kuna DDR3, DDR4 na DDR5. Bodi iliyoandikwa DDR4 hupokea DDR4 tu. RAM hizi hufanana kwa urefu, lakini pengo dogo lililokatwa chini haliko mahali pamoja. RAM ikikataa kuingia, usiilazimishe. Itoe, usome tena.

Mwisho, pima kasha. Bodi kubwa haiingii katika kasha dogo.

4. Panga fedha

Tuseme kikundi kina shilingi 700,000. Tenga kwanza sehemu moja ya kumi, yaani shilingi 70,000, kwa ajili ya usafiri, nyaya na dharura. Zinabaki shilingi 630,000. Hizo ndizo za vifaa.

Ulizeni bei katika maduka matatu. Andikeni katika daftari: jina la kifaa, maandishi yake yote, na bei ya kila duka. Ulizeni pia bei ya kompyuta kamili iliyokwisha tumika. Mara nyingine hiyo ni nafuu kuliko kuunga. Msione haya kubadili shauri.

Kasha, kioo, kibodi na kipanya vyaweza kuwa vya mtumba, mradi mmevijaribu. Diski na pawa saplai nunueni mpya. Diski iliyochoka inaweza kupoteza hesabu zenu zote. Pawa saplai mbovu inaweza kuunguza vifaa vingine.

Prosesa, bodi kuu na RAM vinunueni katika duka moja. Mwombeni muuzaji aviunge na kuviwasha mbele ya mtu wenu. Kama hamna mtu huko, muuzaji apige picha ya maandishi ya kila kifaa na kuituma kwa simu. Wanachama wawili wasome, walinganishe na orodha. Kisha ndipo mlipe. Dai risiti. Uliza pia dhamana ni ya muda gani, na iandikwe kwenye risiti.

Programu nazo zina bei. Windows hulipiwa. Lakini Linux, iliyoanza mwaka 1991, na programu ya ofisi iitwayo LibreOffice, hupatikana bila malipo. Zote mbili zinafaa kwa barua na hesabu.

5. Itunze kompyuta

Umeme ukikatika ghafla, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Hifadhi kazi yako mara kwa mara. Mkipata fedha, nunueni betri ya akiba ya kompyuta, ambayo mafundi huiita yupiesi. Itawapa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri.

Msiiweke kompyuta katika stoo ya dagaa. Vumbi na mchanga huingia katika feni, na feni ikiziba, prosesa hupata joto kupita kiasi.

Na wale kina mama je? Prosesa ilirudishwa Dar es Salaam, ikaja ile isiyo na F. Gharama ya kusafirisha walilipa wao, pamoja na tofauti ya bei. Wiki tatu zikapita bila kazi. Siku kioo kilipowaka, yule mama mwanafunzi alichukua karatasi, akaandika maandishi ya kila kifaa kwa mkono wake, akaibandika ukutani. Kifaa kikiharibika, yeye ndiye huandika orodha ya kununua. Hakuna anayesafiri bila karatasi yake.

Maswali

1. Kwa nini kioo cha kompyuta ya kina mama kilibaki cheusi?
2. Bodi kuu imeandikwa LGA1200 na DDR4. Muuzaji anakupa RAM ya DDR3 kwa bei ndogo. Utafanya nini? Kwa nini?
3. Kikundi chenu kina shilingi 850,000. Sehemu moja ya kumi ni kiasi gani? Zinabaki shilingi ngapi?
4. Taja vifaa viwili ambavyo havifai kununuliwa vya mtumba.

Zoezi

Tazama simu, redio au taa ya sola iliyoko nyumbani kwako. Nakili katika daftari maandishi yote yaliyo nyuma yake, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Leta daftari darasani. Tutasoma pamoja.