Mbwa na Paka wa Nyumbani: Kuwakinga, Kutambua Ugonjwa na Kuwahi Matibabu

Kijitabu hiki ni cha kaya za Tanzania na Kenya zenye mbwa wa ulinzi uani, paka wa kukamata panya, au wote wawili. Wengi wa wanyama hawa hula ugali wa nyumbani, hulala barazani na kuchezewa na watoto, lakini daktari wa mifugo huwaona wakiwa wamekwisha kulegea. Magonjwa yanayowaua kwa wingi ni machache, na mengi yana kinga ya gharama ndogo. Baadhi yake huua watu pia, kwa hiyo jambo hili linamhusu kila mtu wa nyumba, hata yule asiyependa mbwa.

Mjue akiwa mzima

Mtu asiyejua hali ya kawaida ya mnyama wake hawezi kuona inapobadilika. Mwili wa mbwa au paka mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, kwa hiyo kumshika na kumwona wa moto kuliko wewe si dalili ya homa. Pua kavu nayo haitoshi kumhukumu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni fizi. Inua mdomo wake akiwa ametulia: kama kwa kawaida fizi zake si nyeusi, ziwe na rangi ya waridi, na ukibonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe, za manjano au za bluu ni sababu ya kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Mhesabie pumzi akiwa amelala: zisizidi 30 kwa dakika.

Zoea kumkagua hivi kila wiki, pamoja na masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Mnyama aliyezoea kushikwa hatamsumbua daktari siku akiugua.

Kichaa cha mbwa

Huu ndio ugonjwa wa kuogopwa kuliko mengine yote humu. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona, hospitali iwe kubwa namna gani. Duniani, takriban asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa huambukizwa na mbwa, na watoto ndio wanaoumwa zaidi, kwa sababu huwakaribia mbwa bila hadhari na mara nyingine huficha jeraha wakiogopa kugombezwa. Mzazi, mwambie mtoto wako leo kwamba akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka hatapigwa. Aje aseme tu.

Watu wengi husubiri mbwa aogope maji ndipo waamini kwamba ana kichaa. Hilo ni kosa. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu, na mbwa mwenye kichaa anaweza kuonekana akijaribu kunywa. Tazama mabadiliko ya tabia: mbwa mpole anakuwa mkali na kuuma hata mawe na miti, au mbwa mkali anakuwa mtulivu kupita kiasi na kujificha gizani. Sauti ya kubweka hubadilika, mate humtiririka, taya hulegea, miguu ya nyuma huishiwa nguvu. Aina hii ya kulegea ndiyo huwaponza wengi, maana mbwa huonekana kama aliyekwamwa na mfupa kooni, na mwenye huruma huingiza mkono mdomoni ili autoe. Usifanye hivyo kamwe.

Mtu akiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kuosha huku si maandalizi ya safari ya hospitali, ni tiba yenyewe, kwa kuwa huondoa virusi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda hadi ubongoni. Usipake mafuta ya taa, majivu wala pilipili, na usikubali kubandikwa jiwe la nyoka. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo au mbwa ameramba kidonda kibichi. Sindano ya kwanza hutolewa siku unayofika, nyingine siku ya 3 na ya 7, na kwa ratiba nyingine huendelea hadi siku ya 14 au zaidi. Usiache njiani kwa kuwa jeraha limepona. Kidonda kinaweza kufunga kabisa, na ugonjwa ukajitokeza miezi 2 au 3 baadaye.

Na yule mbwa? Kama anaweza kufungiwa bila mtu kudhurika, afungiwe na atazamwe kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi mateni siku alipouma, na daktari ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Wewe usisubiri siku hizo zipite ndipo uanze chanjo. Akifa au akiuawa, mjulishe afisa mifugo kabla ya kumzika, kwa kuwa ubongo wake unaweza kupimwa.

Kinga ni kuchanja mbwa anapofikisha miezi 3, kisha kila mwaka, au kadiri kadi yake inavyoelekeza. Paka naye achanjwe. Jamii ikichanja asilimia 70 ya mbwa wake, kichaa hukosa njia ya kuenea. Pemba imelithibitisha hilo: kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 zilikitokomeza kichaa kisiwani, mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, chanjo zikarudiwa, na kufikia 2018 kilikuwa kimetoweka. Nyumba nyingi za Pwani hazifugi mbwa, lakini mbwa wa mtaani hupita njia ileile wanayopita watoto kwenda madrasa. Kampeni ikija mtaani kwenu, iungeni mkono hata kama ninyi si wafugaji.

Kupe

Kupe wa mbwa hapandi tu kutoka majanini. Yule wa kahawia anayewasumbua mbwa wa mijini huishi nyumbani kwenu: jike akishiba damu hushuka, hujipenyeza kwenye nyufa za ukuta au mbao za banda, na kutaga maelfu ya mayai. Ukimwogesha mbwa dawa na kuliacha banda lilivyo, baada ya wiki chache utawaona kupe wengine masikioni. Tibu mbwa na banda siku moja, ziba nyufa, choma matandiko makuukuu. Kupe aliyekwisha kuuma ang'olewe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, ukimvuta polepole na moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti wala kumpasua kwa vidole.

Kupe huleta homa inayoua mbwa wengi. Mbwa hukataa chakula, hukonda, tezi za shingoni huvimba, fizi hupauka. Wengine hutokwa damu puani au kupata vidoadoa vyekundu tumboni. Mkojo wa rangi ya chai nzito huashiria aina nyingine, inayovunja chembe za damu. Zote mbili zina tiba zikiwahiwa, na damu ikipimwa kwanza daktari hujua ipi ni ipi. Ile ya kwanza hutibiwa kwa dawa ya doksisaiklini kwa wiki 3 hadi 4. Wengi huacha siku mbwa anaporudia chakula, na ugonjwa hurudi ukiwa mgumu zaidi.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe inapatikana kirahisi, na ndiyo hatari yake. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa si cha mbwa wa kilo 15, sembuse mtoto wa mbwa. Paka ndiye asiguswe nayo kabisa. Dawa nyingi za kupe na viroboto wa mbwa zina pemethrini, na hiyo humtia paka mtetemeko na degedege, kisha kifo. Soma lebo, kama haijaandikwa kwamba ni ya paka, si ya paka.

Vivyo hivyo oili chafu ya gari wanayopakwa mbwa wenye upele. Huchoma ngozi, na mbwa huilamba ikamdhuru tumboni. Upele hutokana na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na daktari ana dawa inayoviua. Wanafamilia wakianza kujikuna mikono na tumbo, wamwambie mhudumu wa afya kwamba mbwa wao ana upele.

Minyoo

Mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo, kwa kuwa huipata tumboni mwa mama yake na tena katika maziwa. Kwa hiyo apewe dawa kuanzia wiki ya 2, kila baada ya wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mkubwa apewe kila baada ya miezi 3. Mayai ya minyoo hii hukaa mchangani. Mtoto wa nyumba akitia vidole vichafu mdomoni, viluwiluwi huweza kusafiri hadi kwenye ini au jicho lake. Zoa kinyesi kila siku na ufunike mchanga wanaochezea watoto.

Ukichinja, usimtupie mbwa ini wala mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Tegu anayetokea humo humrudia binadamu, akamwotesha mifuko ya maji, ini likavimba. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imeteseka kwa ugonjwa huu kwa miaka mingi. Viungo hivyo vichemshe kwa nusu saa au vifukie chini sana.

Kuhara damu kwa watoto wa mbwa

Mtoto wa mbwa wa wiki 6 hadi miezi 6 anayetapika, kuhara damu yenye harufu kali na kulala tu, mchukulie kuwa ana ugonjwa wa virusi uitwao parvo hadi daktari aseme vinginevyo. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi; anayepona huokolewa na maji ya dripu na uangalizi, na saa chache huleta tofauti. Virusi hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, kwa hiyo usilete mtoto mwingine asiyechanjwa uani hapo. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Marudio hayo si hila ya biashara: kinga ya maziwa ya mama huizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye kwa macho itaisha lini.

Paka

Paka huficha maumivu. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, akilia na kutoa tone tu la mkojo, huenda njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Paka asiyekula kwa siku 2 apelekwe pia, kwani ini lake huharibika kwa njaa.

Mama mjamzito hahitaji kumfukuza paka. Vimelea vya toksoplasma vilivyo kwenye kinyesi chake huhitaji angalau siku moja kabla ya kuwa hatari, hivyo mtu mwingine asafishe mahali pake kila siku. Mama naye aivishe nyama vizuri na kunawa baada ya kazi za bustani.

Dawa za kabatini na sumu

Panadol, au paracetamol nyingine yoyote, humuua paka. Kidonge kimoja chatosha. Diclofenac na ibuprofen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Sumu ya panya huweza kuchukua siku 2 hadi 5 kabla ya damu kuanza kuvuja, kwa hiyo usidanganywe na mbwa anayecheza baada ya kuila. Maziwa hayafuti sumu, na mafuta yanayomiminwa kooni huingia mapafuni. Chukua pakiti ya sumu, mbebe mnyama, nenda.

Leo hii tafuta kadi ya chanjo ya mbwa wako na ya paka wako. Kama haipo, au tarehe imepita, nenda kwa afisa mifugo wa kata yenu umuulize siku ya chanjo, na umwambie jirani yako mwenye mbwa mwende pamoja.