SOMO: HAKI YA MGONJWA ALIYEDHURIWA NA KIFAA TIBA CHENYE KASORO

Madhumuni. Baada ya somo hili mwanachama aweze kueleza ni nani anayewajibika kifaa tiba kinapomdhuru mgonjwa, madai hupelekwa wapi, na kwa nini karatasi na tarehe huamua nani atalipwa na nani atarudi mikono mitupu.

1. Msingi wa haki

Kifaa tiba ni chombo cha kupimia au kutibia: bomba la sindano, chuma cha kuungia mfupa, kitanzi cha uzazi wa mpango. Dawa ikimdhuru mgonjwa aweza kuacha kuimeza, lakini chombo kilichowekwa mwilini hubaki humo mpaka kitolewe na mtaalamu. Mgonjwa hakukiona kikitengenezwa. Alikipokea kwa kuamini. Kwa sababu hiyo sheria humtwika mtengenezaji wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hawakupata kuonana. Msingi huo uliwekwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1932 katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, nao hufuatwa katika mahakama za Afrika Mashariki.

2. Mfano wa Marekani

Kuanzia mwaka 1971 kampuni ya A.H. Robins iliuza kitanzi kilichoitwa Dalkon Shield. Wakati huo sheria ya Marekani haikutaka chombo cha namna hiyo kipate idhini ya serikali kabla ya kuuzwa. Kasoro yake ilikuwa katika uzi: ulisokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba ndani ya ala ya nailoni iliyo wazi nchani, ukavuta vijidudu hadi ndani ya mji wa mimba kama utambi uvutavyo mafuta. Wanawake wengi waliugua, wengine wakapoteza uwezo wa kuzaa, na wako waliokufa. Uuzaji nchini Marekani ulisimamishwa mwaka 1974, na mwaka 1976 ikatungwa sheria ya kusimamia vifaa tiba.

Mashauri yalipozidi, kampuni iliomba kinga ya ufilisi tarehe 21 Agosti, 1985. Mahakama ikatangaza kuwa kila mwenye dai alifikishe kabla ya kupita tarehe 30 Aprili, 1986. Yalifika madai zaidi ya 300,000, mengine kutoka nje ya Marekani. Kisha kila mdai alitumiwa fomu ya maswali. Maelfu kwa maelfu hawakuirudisha, na madai yao yakafutwa. Haikusemwa kwamba hawakuumia; jalada lao halikukamilika.

Mwisho ulianzishwa mfuko wa amana wa dola bilioni 2.475. Aliyekuwa na kiapo tu, bila ushahidi wa hospitali, aliweza kupokea dola 725 na dai lake likaishia hapo. Aliyetaka zaidi alitakiwa kuonyesha kumbukumbu za matibabu: kwamba alitumia kitanzi hicho hasa, na kwamba ndicho kilichomdhuru. Hapo ndipo mwenye karatasi na asiye nayo walipoachana njia, ingawa maumivu yao yalikuwa mamoja.

3. Njia zilizopo Tanzania

(a) Shauri la uzembe. Laweza kufunguliwa dhidi ya mtengenezaji, na dhidi ya hospitali ikiwa ilikiweka kifaa vibaya au ilijua kasoro yake ikanyamaza. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa shauri la aina hii.

(b) Shauri la mkataba. Aliyenunua kifaa mwenyewe aweza kumdai muuzaji kwamba bidhaa haikufaa kwa kazi iliyonunuliwa. Muda wake ni miaka 6.

(c) Shauri dhidi ya Serikali. Hapana budi kutoa kwanza notisi ya siku 90 kwa maandishi. Anayengoja mpaka miezi ya mwisho aweza kujikuta muda umemwishia.

(d) Shauri la pamoja. Wengi wenye dai la namna moja waweza, kwa idhini ya mahakama, kuwakilishwa na mmoja au wachache miongoni mwao. Mwanaushirika hahitaji kufundishwa faida yake.

(e) Taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa hii haimpi mgonjwa fidia, lakini yaweza kuwaokoa wengine, na huacha kumbukumbu yenye tarehe.

4. Kazi ya katibu

Katibu si wakili, wala chama hakifungui shauri la mwili wa mwanachama. Lakini kutunza jalada ni kazi anayoijua, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama akija na malalamiko, katibu amshauri hivi:

– Kifaa kikitolewa mwilini, aombe akabidhiwe au kihifadhiwe, kisitupwe.
– Atunze boksi au lebo yenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo.
– Aombe nakala ya kumbukumbu za hospitali mapema, na atunze kila stakabadhi.
– Aandike tarehe ya kuwekewa kifaa, ya kuanza kuumwa, na ya kuambiwa sababu.
– Asitie sahihi hati ya kupokea malipo kabla haijasomwa na mtu ajuaye sheria. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Katibu akumbuke pia kwamba ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Habari hizo hazisomwi mkutanoni bila ridhaa yake.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini wadai wengi wa Dalkon Shield walikosa fidia ingawa walidhurika?
2. Mwanachama aliwekewa chuma cha mfupa katika hospitali ya Serikali, nacho kimevunjika. Imepita miaka 2 na miezi 8. Afanye nini wiki hii?
3. Ni karatasi zipi za matibabu zilizopo nyumbani kwa kila mwanachama leo, na zimehifadhiwa wapi?