SOMO LA UFUNDI: KUUNGANISHA MBAO KWA MASHINE YA BISKUTI



Rafu ikianguka stoo au kabati likiachia kwenye kona, wa kwanza kuulizwa ni fundi aliyeliunganisha. Haulizwi msimamizi aliyeamuru klampu zifunguliwe upesi, wala mnunuzi aliyeleta gundi isiyofaa. Kwa hiyo fundi lazima ajue kwa hakika ni nini kinachokipa kiungo nguvu na ni nini kinachokidhoofisha, ili aifanye kazi yake vizuri na aweze kuitetea. Somo letu la leo linahusu mashine ya biskuti.

1. BISKUTI NI NINI?

Biskuti hii si ya kunywea chai. Ni kipande chembamba cha mti mkavu, chenye ncha mbili na tumbo pana katikati, na unene wake ni karibu milimita 4. Kwa kawaida hutengenezwa kwa mti wa Ulaya uitwao bichi, ulioshindiliwa kwa nguvu. Nyuzi zake hupita mshazari, ili biskuti isipasuke kwa urefu pale mbao mbili zinapokutana. Njia hii ilibuniwa katikati ya miaka ya 1950 na seremala Hermann Steiner wa mji wa Liestal, Uswisi, alipokuwa akitafuta namna rahisi ya kuunganisha chipbodi, ambazo wakati ule zilikuwa bado ngeni.

Mashine yenyewe ina msumeno mdogo wa duara uliofichwa ndani ya kitako chake. Ukiisukuma mbele, msumeno hutokeza na kukata mfuo wenye umbo la mwezi mchanga. Ukiiachia, springi huurudisha ndani. Kila ubao hukatwa mfuo wake, gundi hutiwa, kisha nusu ya biskuti huingia huku na nusu huingia kule.

Biskuti zinazotumika sana ni za namba tatu:

Namba 0: urefu milimita 47, upana milimita 15.
Namba 10: urefu milimita 53, upana milimita 19.
Namba 20: urefu milimita 56, upana milimita 23.

Tumia namba kubwa kadiri ubao unavyoruhusu. Lakini piga hesabu kwanza. Biskuti namba 20 huhitaji mfuo wenye kina cha milimita 12 hivi katika kila ubao. Mifuo miwili ni milimita 24, biskuti ni 23, na milimita 1 inayobaki ni nafasi ya gundi. Ukikata mfuo huo kwenye uso wa ubao wenye unene wa milimita 12, msumeno utatokea upande wa pili.

2. NGUVU INATOKA WAPI?

Wengi hudhani kwamba biskuti ndiyo inayoshika kila kitu. Sivyo. Tutazame nyuzi za mbao.

Mbao mbili zikiungwa ubavu kwa ubavu, kama katika uso wa meza, nyuzi zake hulala pamoja. Hapo gundi peke yake, ikiwa mbavu zimepigwa randa sawasawa, hushika sana, mara nyingi kushinda ubao wenyewe. Kazi kubwa ya biskuti hapo ni kuziweka mbao zisipande wala kushuka wakati wa kubana.

Kichwa cha ubao ni jambo jingine. Pale nyuzi zimekatwa, nazo huinywa gundi kama mirija, kiungo kikabaki kikavu. Kwenye kona ya kabati au rafu, biskuti huisaidia gundi kweli, kwa kuwa huipa mahali pazuri pa kushika ndani ya ubao.

Lakini miguu ya viti, miguu ya vitanda na ngazi husukumwa na kutikiswa kila siku. Huko usitegemee biskuti. Chonga ulimi na tundu kama tulivyofundishwa na mafundi wa zamani. Mtu akianguka kutoka kwenye ngazi, biskuti haitamponya.

3. HATUA ZA KAZI

Kwanza, chagua mbao kavu zilizonyooka. Hakikisha kwa guni kwamba zimekaa pembe mraba. Biskuti haizibi uwazi wala hainyooshi ubao uliopinda.

Pili, ziweke mbao pamoja kama zitakavyokaa na uweke alama ya uso wa juu wa kila moja. Kisha piga mstari mmoja wa penseli unaovuka mbao zote mbili mahali pa kila biskuti. Acha sentimita 15 hadi 20 kati ya mstari na mstari. Mstari wa mwisho uwe sentimita 5 au zaidi kutoka mwisho wa ubao, ili mfuo usitokeze nje.

Tatu, funga ubao kwenye benchi. Linganisha alama ya mashine na mstari wako. Pima kila mara kutoka uso ule wenye alama. Ukipima ubao mmoja kutoka juu na mwingine kutoka chini, uso wa kazi hautakuwa sawa.

Nne, washa mashine na uache ifikie mwendo wake kamili. Sukuma moja kwa moja bila kuyumba, iachie irudi, kisha izime.

Tano, toa vumbi lote katika mifuo. Jaribu kuunganisha bila gundi kwanza. Mfuo ni mrefu kuliko biskuti kwa milimita chache, kwa hiyo unaweza kusogeza ubao kidogo kushoto au kulia mpaka mistari ikutane.

Sita, paka gundi nyeupe ya maji kwenye kuta za mifuo na kwenye mbavu za mbao. Maji ya gundi huivimbisha biskuti ikabana ndani ya mfuo. Ndiyo sababu gundi ya viatu haifai hapa, na ndiyo sababu biskuti hutunzwa ndani ya kopo lililofungwa. Biskuti iliyonyonya unyevu wa mvua huvimba kabla ya kazi na haiingii. Tena, gundi nyeupe ya kawaida haistahimili mvua, kwa hiyo usiitumie kwa kazi ya kukaa nje.

Saba, bana kwa klampu upesi, maana wakati wa joto gundi hukauka juu kwa dakika chache. Gundi itokeze kidogo mstari mzima. Usikaze mpaka gundi yote ikatoka.

4. MUDA WA GUNDI NI SEHEMU YA KAZI

Hapa ndipo viungo vingi huharibika. Fundi anayelipwa kwa idadi ya makabati huharakishwa, klampu zikafunguliwa gundi ikiwa mbichi. Siku hiyo kabati husimama vizuri. Mzigo ukiwekwa, huachia.

Soma maandishi ya kopo la gundi. Kwa kawaida klampu zikae nusu saa hadi saa nzima, na kiungo kisibebeshwe mzigo kabla ya saa 24. Wala usiharakishe kupiga msasa juu ya biskuti. Maji ya gundi huinua ubao pale, na ukiusawazisha ukiwa na unyevu, ukikauka utaacha shimo dogo linaloonekana chini ya vanishi.

Ikiwa msimamizi hakubali, msibishane kwa maneno. Chukueni mabaki ya mbao mfanye viungo viwili vya aina moja. Kimoja kifungueni baada ya dakika 5 na kukisukuma. Cha pili kiacheni kwenye klampu hadi kesho yake, kisha mkivunje mbele yake. Kiungo kizuri huvunjika kwa kuchana mbao. Kiungo kibaya huachia penye gundi, pakabaki safi. Jaribio hilo liwe msingi wa mazungumzo juu ya idadi ya kazi kwa siku: muda wa kungoja uhesabiwe, na klampu ziongezwe.

5. MKONO NA MAPAFU

Chomoa plagi kabla ya kubadili msumeno. Kabla ya kuanza kazi, sukuma kitako na kukiachia. Ikiwa msumeno haurudi ndani wenyewe, mashine hiyo ni mbovu na isitumike. Usishike kipande kidogo kwa mkono huku ukikikata kwa mkono mwingine. Vaa miwani, na mikono ya shati isininginie.

Vumbi nalo si jambo dogo. Katika miaka ya 1960 madaktari nchini Uingereza walionyesha kwamba saratani ya pua iliwapata zaidi watengenezaji wa fanicha wa eneo la High Wycombe. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mashine ya biskuti ina tundu la kutolea vumbi. Liungwe na mfuko au bomba la kuvuta vumbi, na mafundi wapewe barakoa zinazofaa. Kitambaa cha kufunga mdomo hakitoshi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kichwa cha ubao hakishiki gundi vizuri?
2. Biskuti namba 20 huhitaji mfuo wa kina gani katika kila ubao?
3. Taja kazi mbili ambazo hazifai kuunganishwa kwa biskuti.
4. Katika karakana yenu, klampu hukaa muda gani, na nani anayeamua?

Jibuni swali la nne kwa pamoja katika mkutano wa tawi.