Kardani ya Land Rover: tupime kwanza, tukate nyuma



Wengi wametuuliza kwa nini Land Rover ya shule ilikaa majuma 3 chini ya mwembe, na unga wa internati ukaja kwa baiskeli na kwa kichwa. Jibu ni fupi: sisi wa mekanika tulipima vibaya. Hapana fundi wa nje, hapana shofere. Ni sisi. Kwa hiyo tunaandika somo hili, ili wale watakaokuja nyuma yetu wasirudilie kosa lile. Tena ndani yake iko jometria, ile ambayo wengine wanasema haina kazi nje ya darasa.

1. Kardani ni kitu gani

Nguvu inatoka kwa motere, inapita katika buati ya vitesi, kisha katika buati ndogo inayoigawa mbele na nyuma. Kutoka pale inashuka mpaka kwa ponti ya nyuma kwa njia ya tiyo nene ya chuma. Tiyo ile pamoja na viungo vyake 2 ndiyo tunaita kardani. Jina linatoka kwa Gerolamo Cardano, mwanahesabu wa Italia (1501–1576). Waingereza wanakiita kiungo chenyewe kwa jina la mtu wao, Robert Hooke (1635–1703).

Kila kiungo kina uma 2 na msalaba mdogo katikati. Ponti inapanda na kushuka kila mara gari inapoingia katika shimo. Viungo vinakubali pembe ibadilike. Fasi nyingine ya kardani, yenye meno na inayoteleza, inakubali urefu ubadilike. Mushike hili la pili, maana kosa letu lilikuwa pale.

2. Kwa nini tuligusa kardani

Gari yetu ni ya Series IIA (1961–1971), yenye shasi ndefu ya inchi 109. Ponti yake ya kwanza, ile ya Rover, vyuma vyake vya ndani vinavyozungusha magurudumu vinavunjika kama mzigo ni mzito na barabara ni mbaya. Tukapata ponti ya Salisbury, yenye nguvu zaidi, kutoka gari iliyokufa ya Series III (1971–1985). Hesabu ya meno yake inalingana na ya ponti ya mbele: zote karibu 4.7. Hilo ni la lazima, kama sivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yangepigana wakati wa kutumia yote 4. Lakini pua ya Salisbury ni ndefu kuliko pua ya Rover. Inasogea mbele, inakuja karibu na buati. Basi kardani ya zamani ikawa ndefu, ikabidi kuikata.

3. Neno la kuokoa maisha

Kabla ya kufungua buloni hata moja, mutie mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Katika Land Rover hizi freni ya mkono haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya buati, pale kardani inapoanza. Ukiondoa kardani ya nyuma, freni ya mkono inashika ngoma tu na gari iko huru. Kuiacha katika vitesi pia hakusaidii, kama magurudumu ya mbele hayajaunganishwa. Mwenzetu akiwa chini yake, mteremko kidogo unatosha kuleta msiba. Na kriki peke yake si kitu cha kulala chini yake: mutie miguu ya chuma au vipande vya mti mgumu.

4. Kosa letu

Tulipomaliza kufunga ponti mpya, shasi ilikuwa bado juu na ponti inaning'inia kwa resori zake. Tukapima pale pale, kutoka uso wa ngoma mpaka uso wa sahani ya ponti, tukakata. Kardani ikaingia vizuri, tukafurahi. Gari ilipofika kwenye shimo la kwanza tukasikia mlio kama nyundo. Sehemu inayoteleza ilikuwa imefika mwisho wake. Haikuwa na fasi ya kuingia tena, ikapiga buati kwa mbele na ponti kwa nyuma. Rulema ya buati iliharibika. Hizo ndizo zile majuma 3.

5. Pythagoras anatuhukumu

Tuchukue namba nyepesi za mfano. Kutoka buati mpaka ponti, kwa usawa wa udongo, ni milimetre 800. Gari ikisimama chini kwa uzito wake, ponti iko milimetre 150 chini ya buati. Kardani ni upande mrefu wa pembetatu:

800 × 800 + 150 × 150 = 662,500. Mzizi wake ni karibu 814.

Ponti ikining'inia inashuka 100 zaidi, inakuwa 250:

800 × 800 + 250 × 250 = 702,500. Mzizi ni karibu 838.

Ponti ikisukumwa juu na shimo, inabaki 50:

800 × 800 + 50 × 50 = 642,500. Mzizi ni karibu 802.

Muone sasa. Tuliacha nafasi ya milimetre 25 katika sehemu inayoteleza, lakini kwa urefu wa 838. Gari iliposhuka chini, 838 ikawa 814: nafasi 24 zikaliwa, ikabaki 1. Shimo lilipodai 12 nyingine, hazikuwako.

Kwa hiyo sheria ni hii: upime gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake yote, fasi sawa, na uzito wake wa kawaida. Pale uache karibu milimetre 25 kabla ya mwisho. Kisha uinue shasi, uangalie kama ponti ikining'inia meno bado yanashikana vizuri. Resori nazo, zikinyooka, zinasogeza ponti kidogo mbele au nyuma, ndiyo maana hesabu inatuonyesha njia lakini metre ndiyo inasema neno la mwisho.

6. Kukata

Ingiza kardani ya zamani mpaka ibaki ile nafasi ya 25, upime sahani kwa sahani. Kama ni 886, na gari inataka 814, utaondoa 886 – 814 = milimetre 72. Watu 2 wapime, kila mmoja peke yake, waandike, halafu walinganishe. Tiyo ndefu unaweza kuikata tena. Tiyo fupi ni kama maji yaliyomwagika.

Kabla ya msumeno, uchore mstari mmoja ulionyooka juu ya tiyo, kutoka uma wa mwisho huu mpaka mwisho ule. Toa misalaba na rulema zake, maana moto wa kusude unaziharibu. Kata upande wa uma usioteleza: ondoa sude ya zamani, vuta uma, punguza tiyo, rudisha uma mahali pake.

7. Kwa nini ule mstari

Kiungo kimoja chenye pembe hakizunguki sawasawa. Katika mfano wetu, 800 kugawa kwa 814 ni karibu 0.983. Buati ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, mwendo wa tiyo unashuka mpaka 983 na kupanda mpaka karibu 1,017, mara 2 katika kila mzunguko. Kiungo cha pili kinafuta kosa la kile cha kwanza, lakini kwa masharti 2: uma zote 2 za tiyo zilale katika mstari mmoja, na pembe za mbele na nyuma zilingane. Ukikosa mstari, makosa yanaongezana badala ya kufutana. Gari inatetemeka, misalaba inakufa upesi.

8. Kumaliza

Sude kwanza kwa nukta 4 tu. Zungusha kardani polepole, weka ncha ya chuma karibu na tiyo, uone kama inayumba. Ikipita nusu milimetre, nyosha kabla ya kusude yote. Kisha, kama iko mashini ya kusawazisha uzito katika muji, peleka. Si kiburi cha fundi: kwa kilometre 60 kwa saa, gurudumu linalokwenda metre 2.5 kwa mzunguko linazunguka mara 400 kwa dakika, mara 4.7 ni 1,880. Kardani inazunguka mara 31 kwa sekunde moja! Uzito kidogo upande mmoja unakuwa nyundo. Mwisho tia graisi, kaza buloni, na baada ya safari ya kwanza uzikaze tena.

Sisi tulikata tena zile 24 zilizozidi, tukabadili rulema, na gari inatembea. Juma lililopita usiku ilibeba mama mmoja wa kijiji mpaka hospitali, akazaa salama. Tulikuwa tumesimama kwenye lango tukisikiliza. Hapakuwa na mlio.

Swali la kujaribu: kama usawa ni milimetre 600 na kushuka ni 180, kardani ni ndefu kiasi gani? Na ponti ikishuka 90 zaidi? Mulete majibu kwa atelie siku ya Posho mchana.