Noti za China ndani ya plastiki: soma kabla ya kununua

Mfanyabiashara anayerudi kutoka Guangzhou na noti nyekundu ya yuan 100 mfukoni hajaleta hazina. Ni noti ya toleo la tano, lililoanza mwaka 1999, na bado inanunua chai na nauli huko China. Wakusanyaji hutazama kwingine: matoleo yaliyokwisha muda wake, hasa la tatu na la nne, pamoja na noti za kumbukumbu.

Toleo la nne lilianza kutolewa Aprili 1987, na sehemu kubwa ya noti zake iliondolewa kwenye mzunguko tarehe 1 Mei 2018. Humo kuna noti ya yuan 50 yenye sura za mfanyakazi wa kiwandani, mkulima na msomi. Ipo iliyoandikwa mwaka 1980, isiyo na uzi wa usalama, na ipo ya mwaka 1990 iliyoongezewa uzi huo. Sura ni zilezile, lakini ya 1980 huuzwa ghali mara nyingi zaidi. Kwa hiyo soma mwaka kwanza, mengine baadaye.

Noti kama hizo siku hizi huuzwa zikiwa zimefungwa kwenye plastiki ngumu, na juu kuna lebo ya kampuni iliyozikagua. Inayojulikana zaidi ni PMG ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2005. Hutumia kipimo kinachoishia 70. Noti iliyopita mikono mingi huangukia 20 au chini. Kati ya 50 na 58 ni karibu mpya. Kuanzia 60 haijatumika. Kutoka 65 kwenda juu, kinachotofautisha alama moja na nyingine ni mambo madogo: kingo zinavyolingana pande zote, pembe zilivyo kali, kama kuna alama ya kushikwa.

Kwenye lebo tafuta pia herufi EPQ. Binafsi naziangalia kabla ya tarakimu. Maana yake karatasi ni ya asili: haikuoshwa, haikupigwa pasi, haikuzibwa tundu. Kuna wauzaji wanaonyoosha noti kwa joto na unyevu mpaka mkunjo usionekane kwa macho. Wino wa noti hizi huinuka kidogo juu ya karatasi, ukiipapasa unausikia kwenye kidole, pasi huulaza. Noti ya 64 bila herufi hizo inaweza kuwa imepitia mikono ya fundi, na bei yake ishuke ipasavyo.

Sasa lililo kubwa: alama inaeleza hali ya noti, haielezi uadimu wake. Noti ya kisasa iliyotolewa kwenye bunda jipya la benki inaweza kupata 67 bila shida, na wenzake elfu kadhaa wakapata hivyohivyo. Chukua noti ya kijani ya yuan 10 ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, isiyo na Mao, yenye uwanja wa Kiota cha Ndege. Zilitolewa milioni 6 tu. Noti ya plastiki ya yuan 20 ya Mwaka wa Joka, 2024, ilitolewa milioni 100. Zote mbili zikiwa na 68, bado si za bei moja hata chembe. Kampuni za ukaguzi huonyesha kwenye tovuti zao ni noti ngapi zimepata kila alama. Na kumbuka hesabu hiyo huongezeka, haipungui kirahisi.

Utaona pia noti ya kawaida inauzwa ghali kwa sababu ya namba yake tu. Wachina wanapenda 8, wanaikwepa 4, na namba yenye 8 mfululizo hulipiwa ziada. Ukitaka kuuzia soko la China, lipia. Ukikusanya kwa kupenda picha, acha wengine walipe.

Plastiki nayo hughushiwa. Andika namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika, kisha linganisha namba ya noti, aina yake na alama. Picha ikiwepo, tazama kingo na madoa madogo. Muuzaji anayekataa kukutumia picha ya pande zote mbili muage.

Ukishanunua, usifungue plastiki, kwa sababu alama inakufa papo hapo. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar adui ni unyevu: weka mahali pakavu, mbali na jua, usiziegemeze kwenye ukuta wa nje. Kuhusu kutuma noti zako mwenyewe zikakaguliwe, piga hesabu ya ada, posta na bima kwenda na kurudi. Kwa noti ya bei ndogo hesabu hiyo haitoki. Ni nafuu kununua iliyokwisha kukaguliwa.